Wasifu wa Bibi Mizani, Fundi wa Mikono ya Santuri

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bibi Mizani, alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Miaka minne baadaye alizaliwa mdogo wake wa pekee, wa kiume. Inasemekana alipooneshwa kichanga, alikikagua kutoka utosini hadi nyayoni, kisha akauliza, "Mna uhakika ni wetu?"

Alianza shule mwaka 1958, akaendelea na sekondari ya ufundi, msichana peke yake kati ya wavulana thelathini na wanane. Mwalimu wa fizikia alimtoa maabara mara mbili kwa kuifungua mizani ya shule. Alitaka kujua ni nani aliyewahakikishia kwamba gramu yao ni gramu.

Mwaka 1976 alifungua karakana ya vinanda vya santuri nyuma ya duka la vitabu, akafanya kazi na mdogo wake. Mkono unaoshika sindano una chuma mkiani cha kuupa mizani: kikirudishwa nyuma sindano inakuwa nyepesi, kikisogezwa mbele inalemea. Marehemu hakuziamini namba zilizochongwa juu ya chuma hicho. Alipima kila mkono mwenyewe. Walioleta chuma chepesi kilichosukumwa mbali nyuma aliwakatalia katakata. "Weka kizito, kikae karibu na mhimili," alikuwa akisema. "Hapo mkono haujikokoti, na sindano inafuata hata santuri iliyopinda."

Tarehe 12 Mei 1979 aliolewa na karani wa posta. Alipopokea barua yake ya kwanza ya mapenzi, alikwenda dirishani kwake akamjazisha fomu ya kifurushi ambacho hakikuwepo, ili alinganishe mwandiko. Walijaliwa binti, ndiye anayesoma hapa, na mtoto wa kiume.

Sasa lisemwe ambalo familia imelikwepa miaka thelathini na mitano. Mwanzoni mwa 1988 mkono mmoja wa karakana, ambao chuma chake kilishikwa na mpira ili kupunguza mtetemo, ulianza kulemea. Marehemu aliuweka gramu mbili. Wiki iliyofuata ukakaribia tatu. Akaurekebisha, ukalemea tena. Karakana ilikuwa na watu wawili, na yeye alijua hajaugusa. Basi akaanza kumvizia mdogo wake. Alijifanya ameondoka, akarudi ghafla. Alipaka chaki kwenye chuma. Chaki ilipokutwa haijafutika, akasema kijana ana ujanja, huenda anaipaka upya.

Tarehe 14 Machi, mwalimu wa kwaya alileta santuri pekee yenye sauti ya hayati baba yake, inakiliwe kwenye kanda. Sindano iliyolemea iliikwangua sauti ile. Mbele ya wateja sita, dada mtu akageuka.

"Ni wewe. Umenifanyia makusudi. Toka."

"Dada, sijagusa."

"Toka, nimesema!"

Alitoka na aproni kiunoni. Habari zilimtangulia kila karakana, na hakuna fundi aliyemchukua. Akaishia kulinda ghala.

Mwaka 2011 ukaletwa mkono wa aina ileile. Marehemu aliupima, akaufungia kabatini, ufunguo akauvaa shingoni. Baada ya siku kumi na moja ulikuwa umelemea. Kwanza alimshuku mumewe, na mzee wa watu akaapa mchana kutwa. Ndipo alipokivua chuma, akakuta mpira umelegea kama ndizi iliyoiva mno. Chuma kilikuwa kinainama chenyewe, kikiusogelea mhimili na kuilemeza sindano. Alikaa chini, akalia. Kisha akanyamaza miaka kumi na miwili, kwa aibu.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2022. Mwezi uliopita alituma aitwe mdogo wake. "Ananitafutia nini?" mjomba aliuliza kwenye simu. "Figo?" Alikuja, akasimama mlangoni, hakutaka kiti. Marehemu alimwonesha mpira, akamwomba radhi.

"Umejua tangu lini?"

"Miaka kumi na miwili."

"Ulinifukuza mbele za watu, dada. Leo unaniomba radhi chumbani?"

Akaondoka. Marehemu alimwita binti yake, akamwambia achukue kalamu. "Watu wengi nitawapata siku moja tu," alisema. "Andika, na usilainishe." Alifariki tarehe 2 Agosti 2023, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na mdogo wake, ambaye kwa maneno ya marehemu mwenyewe hakuugusa mkono ule siku ile wala siku nyingine yoyote. Dada yake alimsingizia, akaujua ukweli, akauficha. Anaomba radhi mbele yenu nyote.

Mungu amjalie pumziko.