Mzee Idarusi na Shati Lililopendwa na Vipepeo

Baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, Mzee Idarusi Hamad wa Nguvumali anastaafu tarehe 30 Juni 1994. Bustani yetu ya vipepeo inabaki na miti, maua na sisi. Yaani inabaki nusu.

Alianza kama mkata majani. Nani alikigundua kipaji chake? Mimi wa stoo ninayeandika haya, ingawa yeye hudai alikijua kabla yangu. Fani yake ilikuwa vipepeo weupe. Alijua kwamba kiwavi wao ana kichaka chake, cha jirani hagusi hata afe njaa, na kwamba jike aliyekwishapata mume huinua mkia juu kuwafukuza madume. "Ana msimamo kuliko watu wa stoo," alikuwa akisema, macho kwangu.

Miaka ile ya shida, sabuni ilipokuwa hadithi, shati lake la kazi liliganda chumvi ya jasho mpaka likaweza kusimama bila mtu ndani. Madume ya vipepeo weupe hupenda chumvi. Akilitundika uani, hulifunika lote. Siku moja, wallahi, walilinyanyua wakaruka nalo hadi mtaa wa Usagara. Nikalirudisha kwa baiskeli.

Kisha biashara ikafunguliwa, sabuni ikajaa madukani. Wakaja wageni wa makao makuu kuamua kama kitengo cha vipepeo kifungwe na Mzee apunguzwe kazini. Asubuhi hiyo mkewe, Bi Tuhfa, kwa mapenzi tu, alikuwa amelifua shati na kulipiga pasi. Likatundikwa. Hakutua hata kipepeo mmoja.

"Hao vipepeo wenu wako likizo?" akauliza kiongozi wa msafara, Bwana Zebedayo, jasho likimchuruzika kiparani.

Mzee akakitazama kile kipara kama mtu aliyeona shamba. "Bwana mkubwa, hebu keti hapa juani kidogo. Usitikisike."

Akaketi. Akatua mmoja, wakafuata wenzake, mpaka kipara kikavaa kilemba cheupe. Nilihesabu hadi hesabu zangu za darasa la nne zikaniishia.

"Wananitekenya," akanong'ona Bwana Zebedayo. "Ole wake atakayewafukuza!"

Kitengo hakikufungwa.

Ahsante sana, Mzee wetu. Ukapumzike kwenu Moa kwa afya na raha, wewe na Bi Tuhfa. Zawadi yetu ni katoni ya sabuni, nayo ni kwa mashati mengine. Lile la kazi tumelifungia stoo, na ufunguo ninao mimi.