Mzee Rurangwa na Klova ya Kulungu

Ndugu waombolezaji, Mzee Rurangwa Sylveri alizaliwa mwaka 1952 huko Bijombo, milima ya Kivu Kusini, mtoto wa pili wa Mzee Karaha. Alisoma hadi darasa la nne tu. Ng'ombe walikuwa wengi na wa kuwachunga wachache, basi baba yake akamtoa shuleni.

Mwaka 1976 alimwoa Mama Leya, wakajaliwa watoto watatu. Kiangazi cha 1998 alipeleka ng'ombe kwenye bonde pekee lililobaki na majani. Wenye silaha walilijua bonde hilo pia, wakangoja hapo. Alirudi bila ng'ombe na bila mdogo wake, Zenoni. Alitusimulia mara moja, basi.

Walikimbilia Burundi, wakaishi kambini, na mwaka 2009 wakapokelewa hapa Louisville, mtaa wa Newburg. Alipanga maboksi ghalani mpaka mgongo ukagoma. Mwaka 2013 Bwana Hollis, mwenye shamba nje ya mji, akampa kazi ya kupandia kulungu majani. Jamani, Mzee alifufuka! Kwetu mnyama unayemlisha ni wa nyumbani, kwa hiyo hakuuliza wanalishwa kwa nini. Klova nyeupe, majani ya malisho waliyoanza nayo, ilikauka. Aling'oa mashina, akaona mizizi imetambaa juujuu tu. Vuli hiyo akachagua nyekundu, ambayo mzizi wake huzama. "Hii njo itashinda jua," yaani ndiyo hii, alimwambia Mama Leya. Kulungu jike mmoja Mzee akampa jina la ng'ombe wa mama yake, Gaju.

Jua la 2014 lilichoma kila kitu isipokuwa klova ile, na kulungu wote wakahamia hapo. Novemba Bwana Hollis akabisha hodi na paja la nyama, anacheka kwa furaha. Binti wa Mzee, Umutoni, alitafsiri: "Anasema asante, Papa. Klova yako iliwaleta wote, wawindaji wakawapiga risasi wengi hapo hapo."

Mzee alipokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, akakaa nayo mapajani.

"Bon," akasema mwishowe, "donc basi mi njo niliwaita."

Nyama hiyo haikupikwa. Uchungu ulimwingia, na shambani hakurudi tena.

Aprili mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alimwomba Bwana Hollis jambo moja: bunduki zisisimame tena kwenye klova. Bwana Hollis alisema atafikiri. Mzee alifariki Jumamosi, tarehe 14 Novemba 2015, asubuhi ya siku msimu wa kuwinda ulipofunguliwa. Neno lake la mwisho kwa Umutoni lilikuwa, "Amejibu?"

Ameacha mjane, Mama Leya. Watoto, Umutoni wa hapa, Mizero wa Columbus na Ruta wa Buffalo. Na wajukuu saba. Gaju naye, tumeambiwa jana, bado anakuja kula.

Desturi yetu ni kuuliza kaburini kama kuna neno marehemu ameliacha halijaisha. Lipo hilo moja. Bwana Hollis, umekuja kumzika Mzee wetu pamoja nasi, Mungu akubariki. Umutoni yuko kando yako, atakutafsiria. Tunakungoja ujibu, ndipo tumfukie.

Mungu amlaze pema, mahali ambapo majani mabichi si mtego.