Kaburi la Mzee Kipimo Kando ya Shimo la Taka

Risala ya wachimbaji na watunzaji wa makaburi ya manispaa kwa mgeni rasmi, siku ya kuweka jiwe la msingi la ukuta wa kugawa makaburi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi. Viongozi wetu wa dini mlioketi pande mbili za jukwaa. Msimamizi wetu wa kazi. Na ndugu wote mliokuja kutazama jiwe likiwekwa: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Ukaribisho

Sisi kazi yetu ni kupokea wageni wasiorudi kwao. Wewe tunakupokea tukikuombea urudi salama.

Ofisi ilituandalia risala iliyochapwa vizuri, ya kuomba mabuti, glavu na toroli jipya. Mabuti tunayahitaji kweli. Wenzetu wawili wamesimama hapa vidole vikichungulia nje. Lakini jana tuliikunja karatasi ile, tukaandika hii kwa mkono. Msimamizi wetu hajaisoma. Tunamwomba radhi mbele yako, na tunamwomba asiinuke mpaka tumalize.

Historia

Kushoto kwa lango wamezikwa Waislamu, kulia Wakristo, na katikati ni njia ya toroli, upana wake hatua nane. Sisi tuko kumi na mmoja, wa dini zote mbili, na tunachimba pande zote.

Tulikuwa kumi na wawili. Wa kumi na mbili tulimwita Mzee Kipimo. Alifanya kazi hapa miaka ishirini na sita, na wengi wetu yeye ndiye aliyetufundisha kushika sururu. Hakuamini kamba wala futi. Kaburi likimalizika alishuka mwenyewe, akalala chali, kisha akasema kutoka chini, "Hapa begani panabana. Panueni. Huyu bibi alibanwa vya kutosha duniani."

Kwenye kila maziko, ya kushoto na ya kulia, alisimama nyuma ya watu, kofia mkononi, midomo ikichezacheza. Hatukujua anaomba dua gani. Hatukuwahi kumuuliza.

Mafanikio

Ofisi ilituandikia saba. Tumeyaacha yote, kwa sababu hatukuweza kuyasoma tukiangaliana usoni.

Changamoto

Mheshimiwa, mwaka jana nafasi ilianza kuisha. Makaburi ya upande mmoja yakasogea njiani, ya upande wa pili nayo yakasogea. Misalaba ikavunjwa. Wiki hiyohiyo vibao vya upande wa pili vikang'olewa. Tangu hapo kila kaburi likawa kama kigingi cha mpaka. Watu walikuja kutuhesabia, huku yamechimbwa mangapi, kule mangapi. Na sisi tuliokuwa tukinywa chai kwenye birika moja tukaanza kukaa makundi mawili, wa kushoto kushoto, wa kulia kulia. Mzee Kipimo peke yake ndiye aliyebaki kwenye benchi la banda la zana, na birika lake.

Katika siku hizo ndipo alipofariki. Alianguka akipalilia, akafia hospitali. Alikuwa akiishi peke yake kwenye chumba cha kupanga, na jirani zake hawakujua ndugu wala kwao.

Tulikwenda kwa shehe. Alitupokea vizuri, akasema, "Mmoja wenu aje aseme alimwona akiswali, nami nitamzika leo hii." Tulikwenda kwa mchungaji. Naye alisema, "Nileteeni shahidi mmoja tu kwamba alikuwa muumini wetu." Viongozi hawa wapo hapa, na hatuwasingizii. Shahidi alitakiwa atoke kwetu, na kwetu hakutoka mtu.

Tulisimama kwenye mlango wa chumba cha maiti tukisukumiana.

"Wenu huyo. Si mlikuwa mnakula naye?"

"Kula naye ndiyo dini? Mbona nyinyi alikuwa anawafulia makoti?"

"Mchukueni nyinyi. Sisi tukimpeleka kwetu wataambiana tumeiba nafasi."

Aliyesema neno hilo la mwisho yupo kati yetu, na ameomba liandikwe. Siku tisa zilipita hivyo. Hospitali ikasema itamzika pamoja na wasio na wenyewe. Hapo tukaona haya kidogo, haya isiyotosha. Tukamleta na toroli mchana kweupe. Hatukumpeleka kushoto, hatukumpeleka kulia. Tulichimba kando ya shimo la taka, pale tunapochomea maua yaliyokauka na mifuko. Tulipofika futi tatu tukakuta chupa na mabati ya zamani, tukasema inatosha. Mtu ambaye hakukubali bega la mtu yeyote libanwe, tulimkunja magoti ili aenee.

Hakuna aliyeomba dua. Kila mmoja alimwachia mwenzake.

Mheshimiwa, tungetamani aibu yetu iishie hapo.

Baada ya miezi minne alikuja mama mmoja, mtu mzima, na mkoba begani. Alisema ni dada wa Mzee Kipimo, amepata habari kwa kuchelewa na amesafiri siku mbili. Aliuliza kaka yake amelala wapi. Tulitazamana. Kisha mmoja wetu akamshika mkono, akampeleka mpaka chini ya mti kwenye kaburi safi, lililosakafiwa, lisilo na jina. Aliyelala humo alikuwa mwalimu mmoja aliyefia ugenini, akazikwa na wanafunzi wake. Yule mama alipiga magoti pale karibu saa nzima. Aliponyanyuka alitushika mikono mmoja mmoja. "Mungu awalipe, wanangu," alisema. "Nilikuwa naogopa nitamkuta ametupwa."

Mimi ninayesoma risala hii, mfagiaji wa njia, ndiye niliyemshika mkono.

Alirudi mara tatu zaidi. Kila alipokuja tulimwekea kiti kwenye kaburi la mwalimu, na kila mara tulizidi kuwa wanyenyekevu, maana mwongo hakosi adabu. Wiki iliyopita tuliposikia unakuja kuweka jiwe la ukuta, tulishindwa kuendelea na uongo huo. Nilimpigia simu. Alikuja, tukamketisha bandani, tukamwambia yote.

Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Basi yule niliyekuwa nikimlilia ni nani?"

Tulimwambia.

"Haya. Naye amepata wa kumlilia. Sasa nipelekeni kwa kaka yangu."

Alipofika pale shimoni hakulia. Aliinama akaanza kuokota mifuko. Tulipotaka kumsaidia alituzuia kwa kiganja. Na hata hapo, Mheshimiwa, mmoja wetu alithubutu kumuuliza: mama, samahani, marehemu alikuwa dini gani?

Aligeuka. "Mmefanya naye kazi miaka ishirini na sita hamkumuuliza. Leo mnaniuliza ili iweje? Mjue kama mlikosea au hamkukosea?"

Hakutujibu. Wala hajatusamehe, na hatujathubutu kumwomba.

Maombi

Ombi letu ni moja. Tunaomba utie saini kibali cha kumhamisha. Dada yake ameshasaini sehemu yake. Amekataa kukaa jukwaani. Yuko kule nyuma sasa hivi, kando ya shimo la taka, anasubiri.

Kaburi jipya tumelichimba jana, bila ruhusa ya ofisi. Liko katikati ya njia, kwenye mstari wenyewe wa vigingi vya ukuta, hapo mbele yako palipofunikwa turubai. Wengi mlidhani ni msingi. Ni futi sita, na tumelichimba sisi kumi na mmoja kwa kupokezana, wa kushoto na wa kulia.

Shehe wetu, na wewe mchungaji wetu, hatuwaombi mchanganye ibada. Njooni msimame tu, kila mmoja na dua yake, kama mtu anavyosimama akimkuta mwenzake amelala njiani.

Mheshimiwa, wewe ni mkubwa wetu. Ukiona ni lazima jiwe liwekwe leo, hatutakuzuia, na mchanga wa ujenzi tutaubeba. Lakini shimo lile hatutalifukia likiwa tupu. Atafutwe mtu mwingine wa kulifukia.

Mungu akupe maisha marefu. Na siku utakapolala usiweze kujisemea, akujalie mtu mmoja wa kusimama aseme: huyu namjua.

Ni sisi,
Wachimbaji na Watunzaji wa Makaburi ya Manispaa, kumi na mmoja tuliobaki.