Dakika au Mili: Maneno ya Kumuaga Fundi wa Darubini

Mheshimiwa mlezi wa klabu yetu ya shabaha, Bibi Mwenyekiti, walimu wetu, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi majirani mnaotuvumilia kelele kila Jumamosi, hamjambo?

Tumekusanyika kumuaga fundi wetu, ambaye kwa miaka thelathini na moja amezitengeneza darubini za bunduki zetu katika chumba kile chenye dirisha moja, akitutaka jambo moja tu: tufute miguu mlangoni. Nimeombwa nitaje mema yake. Ni mengi, nami nitasimulia moja, maana niliyeokolewa ni mimi.

Miaka sita iliyopita nilishindania nafasi katika timu ya taifa. Mimi nililala kifudifudi kwenye mstari na bunduki yangu. Shangazi yangu, yule pale anayejifanya anatafuta miwani, alikaa nyuma yangu na darubini yake kubwa, akinisomea risasi imepiga wapi. Ya kwanza ikaenda kulia.

"Kushoto nusu," akasema.

Nikazungusha kirekebishi cha darubini ya bunduki yangu nusu. Ikaenda kulia tena.

"Nimesema nusu!"

"Nimeweka nusu!"

"Basi huna masikio!"

Tulipomaliza, nafasi ilikuwa imekwenda, na wiki tatu hatukusalimiana. Mnajua kununiana na mtu mnayeishi naye nyumba moja? Hata chumvi mnaombana kupitia kwa mtu wa tatu.

Fundi ndiye aliyetuita. Akaweka bunduki yangu na darubini ya shangazi mezani, akachungulia hii, akachungulia ile, akacheka mpaka akakaa.

"Nyote wawili mlikuwa sahihi," akasema. "Darubini ya bunduki hii inahesabu kwa dakika, yaani kipande kimoja cha digrii iliyokatwa vipande sitini. Darubini hii ya shangazi inahesabu kwa mili, sehemu moja ya elfu ya umbali. Kwa mita mia tatu, nusu ya shangazi ni sentimita kumi na tano. Nusu yako haifiki tano. Mmoja anapima kwa kilo, mwenzake kwa ratili, halafu mnaigombeza sukari!"

Shangazi akanitazama, nami nikamtazama. Tukarudi nyumbani tukiongea njia nzima.

Baada ya hapo kamati ikaamua bunduki zote nane za klabu ziwekewe darubini za kipimo kimoja, ikamwachia fundi achague. Ndugu zangu, nani hakujua angechagua nini? Huyu alikuwa mtu wa dakika tangu ujana, na daftari lake la hesabu za dakika lilikuwa nene kama tofali. Wapenzi wa dakika walitabasamu kabla hata hajasimama.

"Shabaha zetu tunazipima kwa nini?" akauliza.

"Sentimita."

"Na umbali?"

"Mita."

"Na darubini za wanaotusomea?"

"Mili."

"Basi tununue mili."

Mwalimu wetu mkuu wa shabaha akaruka. "Wewe? Dakika imekukosea nini?"

"Haijanikosea kitu. Ningekuwa najinunulia mwenyewe, ningechukua dakika, mkono wangu umeizoea. Lakini nawanunulia watu wanaosomeana."

Mazoea yana taabu. Akiwa na miaka hamsini na minne, alianza upya kama mwanafunzi. Nilimkuta akikosea, akifuta, akijisonya. Nikamshauri awe anageuza tu dakika kuwa mili kichwani. Akakataa: "Ukitafsiri kila neno, mwenzio ataondoka hujamjibu." Alihangaika miezi minne, kisha mkono ukakubali.

Mwaka uliofuata nikarudi uwanjani. "Kushoto, tatu," akasema shangazi kwa utulivu. Nikazungusha, tik, tik, tik. Risasi ikapiga katikati, na nafasi nikaipata. Nilimtafuta fundi ili nimshukuru, nikamkuta keshainamia bunduki ya mtu mwingine.

Na hilo ndilo linalotuuma. Miaka yote hiyo hajashindana hata mara moja! Kila tulipomwomba, alijibu, "Nikilala pale chini, nani atawatengenezea?"

Fundi, leo umekabidhi funguo. Wanafunzi wako watatu wameshaitengeneza bunduki utakayotumia, na kamati imekuandikisha bila kukuuliza, utusamehe. Ni Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, mstari wa nne. Shangazi atakusomea. Sisi wengine tutakuwa nyuma ya kamba, tumenyamaza, tukisubiri risasi yako ya kwanza.

Nawashukuruni nyote kwa kuniazima masikio yenu.