Kifungo Alichokataa Kukitupa

Wasikilizaji wapendwa, poleni na shughuli za leo. Kama uko mezani, sogeza sahani kando kwanza. Nitasema mambo ya shimo la choo, na siwezi kuyapaka asali.

Tunamkumbuka Mzee Patrobas Omolo wa Umoja, fundi mstaafu wa karakana ya reli. Mzee Patrobas alifariki mwezi uliopita. Kilichomuua ni kidonda cha mkono, na kidonda hicho alikipata ndani ya shimo, huko Tassia.

Huyu alikuwa mtu wa kinyaa kuliko mtaa mzima. Hakunywea kikombe cha mtu. Chapati ya kibandani aliikagua mbele na nyuma, kisha akairudisha. Mkewe Truphena, Mama Truphena kwetu sote, anasema, "Baba Whitney aliosha kwanza sabuni ndipo akaoga." Basi ndiye huyo huyo aliyeingia kwenye uchafu kwa mikono mitupu.

Baba yake alikuwa askari wa serikali ya kikoloni, akilinda machimbo ya mawe upande wa Embakasi. Mwaka 1949 akatoweka. Hakuonekana yeye, haukuonekana mwili. Nyumbani Siaya wazee wakafanya wanavyofanya Waluo mtu anapopotea hivyo: wakachukua tunda la mti wa yago, refu na zito, wakalizika mahali pake. Patrobas, wakati huo mtoto wa kunyonya, alikua akipita kando ya kaburi la baba lenye tunda ndani.

Alipostaafu aliazima mashine ya kutafutia vyuma ardhini. Mwenye mashine ni Nuradin, muuza vyuma chakavu wa Tassia, huko huko Embakasi yalikokuwa machimbo. Unaipitisha juu ya udongo, nayo hulia ikigundua kitu. Nuradin alimwonya: "Mzee, hii inalia tu. Inalilia kifuniko ya soda, inalilia kijiko. Kujua imelilia nini, hiyo ni job yako."

Mzee akaijua hiyo kazi. Alitafuta vifungo vya shaba vya sare za zamani, kama aliyovaa baba yake. Aliviosha kwa maji na mswaki laini, bila asidi, ili alama zisiliwe. Alitazama nyuma, jina la kiwanda. Kisha mbele, taji. Taji la mfalme wa Uingereza limevimba juu. Taji la malkia limebonyea katikati, nalo lilikuja baada ya mwaka 1952. Shikeni hilo, wasikilizaji wapendwa: mfalme kwanza, malkia baadaye.

Siku moja mafundi wa ploti fulani Tassia, wakichimba shimo la choo cha ghorofa, walirusha mifupa juu. "Hiyo ni ng'ombe, mzee. Tuache tumalize kazi," wakamwambia. Patrobas akapitisha mashine, ikalia. Vifungo vya shaba, vyenye taji la mfalme, vimelala juu ya mbavu. Ng'ombe gani huyo wa kuvaa koti?

Alimpigia simu kaka yake mkubwa, Owiti, huku analia. Owiti akaja kutoka Siaya na shuka jeupe. Ukoo ulishachagua fahali wa kuchinja.

Kesho yake Patrobas alirudi kumalizia. Penye kifundo cha mkono akapata kifungo kidogo. Akakisugua kwa kidole. Taji limebonyea. Taji la malkia.

Kifungo cha zamani mtu anaweza kukivaa hata miaka mingi baadaye. Lakini hakuna aliyevaa mwaka 1949 kifungo ambacho hakijatengenezwa. Yule hakuwa baba yake.

"Kitupe," Owiti alisema. "Nani atajua? Mimi nimezeeka. Nataka kumzika baba kabla sijamfuata."

Mwenye ploti naye alikuwa amesimama pale. "Awe baba yenu, asiwe baba yenu, nitoleeni huo mzoga. Nina wapangaji wanangoja."

Mzee Patrobas aligeukia ukuta akatapika. Shimo lile halikuwa limemtapisha. Kilichomtapisha ni maneno yale. Tena alijichukia mwenyewe, kwa maana baadaye alimwambia mkewe, "Mkono wangu ulikuwa umeshafunguka." Alitaka sana kukiachia kifungo kile. Akakitia mfukoni. "Huyu ni wa watu," akasema. "Wao pia wanangoja."

Owiti alikunja shuka lake akaondoka na hasira. Basi, maiti ikawa haina mwenyewe, na Mzee akawaita polisi. Mwenye ploti aliita gari la kunyonya maji taka, akaamuru limwage mzigo wake mle shimoni, ili polisi wakija wasione hamu ya kuingia. Nasema polepole mnisikie. Kinyesi, juu ya mifupa ya mtu.

Mzee akavua saa. Akakunja suruali. Akashuka. Alitoa fuvu, akatoa mbavu, akavipanga juu ya gunia safi. Kipande cha bati kikamchana kiganja. Majirani walisimama kwenye roshani wameziba pua, wanapiga picha. Aliyeshuka ni Nuradin peke yake, na ndoo ya maji. Polisi walifika hatimaye, na mifupa ikapelekwa mochari. Kidonda cha Mzee kikaoza. "Hata hospitalini aliwauliza wauguzi kama wamenawa," anasema Mama Truphena.

Siku ya mazishi, kule Siaya, Owiti alishika maikrofoni mbele ya jeneza. Akawaambia waombolezaji kwamba marehemu alikufa akimtoa baba yao shimoni, na kwamba ukoo utakwenda kumchukua. Watu wakapiga makofi.

Mjane huketi siku hiyo. Mama Truphena alisimama. "Shemeji, kaa chini," alisema. "Mume wangu amekufa kwa sababu alikataa kusema hivyo."

Owiti akakaa.

Mama Truphena, na binti yako Whitney, poleni sana. Nawe Owiti, pole. Uongo wako ulitokana na njaa ya miaka mingi ya kumzika baba, lakini ulikuwa uongo. Mwenye ploti, ghorofa lako limepakwa rangi na limejaa watu. Kwako sina pole.

Sisi wengine tujiulize tungekuwa wapi siku ile, shimoni au kwenye roshani.

Mifupa ile ingali mochari. Ni ya mtu aliyevaa sare baada ya malkia kutawazwa, akaenda kazini, asirudi. Watu wake, popote mlipo, poleni nanyi. Kama mlimpoteza wa namna hiyo, nendeni mkaulize. Mkimkuta ni wenu, mchukueni. Mkimkuta si wenu, tafadhali, semeni si wenu.