Pekupeku Kabla ya Kondoo

Februari mwaka huu basi lilinishusha kwenye njia panda nisiyoijua, nikaulizia kwa shangazi yangu. Fundi baiskeli akanielekeza bila kuinua kichwa: "Fuata mfereji. Ukiona kondoo ndani ya shamba la mtu na hakuna anayewafukuza, ndipo kwa Mama Lango." Huyo Mama Lango, shangazi yangu, ndiye tunayemsindikiza leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1953, mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo. Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha chuo cha kilimo alikohitimu mwaka 1974, akarudi kusimamia pampu ya wakulima hadi alipostaafu.

Tarehe 12 Agosti 1978 aliolewa na mfugaji wa kondoo. Watu walicheka: bibi harusi ana bustani, bwana harusi ana midomo ya kuimaliza. Kwa miaka mingi kila mmoja alivuta maji ya kisima kimoja upande wake, mke kwa mahindi na maharage, mume kwa majani ya mifugo. Mwaka 1991 kisima kikaanza kutoa matope, majirani wawili wakahama.

"Baba watoto, tukiendelea kumwagilia majani, na sisi tutafungasha."

"Kondoo wangu wale nini, upepo?"

"Mabua yangu. Na kunde nitakazopanda baada ya mavuno, ziote kwa unyevu uliobaki."

Msimu wa kwanza marehemu aliharibu. Aliwafungulia kondoo lango la shamba udongo ukiwa bado mbichi, kwato zikaukandamiza ukawa kama saruji, na maharage yaliyofuata yakadumaa. Mumewe alisema tu, "Karibu ufugaji." Tangu hapo marehemu alivua viatu na kuingia shambani kwanza yeye. Unyayo wake ukiacha alama, kondoo wanangoja. Usipoacha, wanaingia, wanakula, wanaacha samadi. Taratibu udongo ukajifunza kushika maji, majani ya kumwagilia yakaachwa kabisa, na kisima hakijatoa matope tena. Familia haikuhama.

Machi mwaka huu, nikiwa bado kwake, figo zilianza kumsumbua. Asubuhi ya tarehe 2 Juni gari la kumpeleka hospitali lilifika mavuno yameisha na kondoo wanalia langoni. Alishusha kioo.

"Wewe mtu wa safari, leo huendi popote. Utawafungulia lini?"

"Nikishavua viatu, shangazi."

"Na soksi."

Gari likaondoka, mimi nikabaki nimeshika komeo. Alifariki tarehe 6 Juni, mumewe akiwa pembeni yake.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, na kaka yake, ambaye ni baba yangu. Leo alfajiri niliingia shambani pekupeku. Unyayo bado unaacha alama, kwa hiyo kondoo wanangoja.

Tangulia salama, shangazi, upumzike. Lango tunalo sisi.