Talaka Iliyosikiwa na Wanawake

"Nyabo, bibi wewe, ni mke wa mtu au si mke wa mtu?"

Aliniuliza hivyo mwenye nyumba mmoja wa Makindye nilipokwenda kutafuta chumba. Nilikuwa na mtoto mgongoni na shahada ya chuo kikuu mkobani.

Ndugu zangu mliokusanyika hapa leo, siku ya Idd, nyumbani kwa wakwe zangu Bwaise, mume wangu aliingia jikoni kwa hasira akanitamkia talaka tatu. Tulikuwa tunamenya matoke, wanawake watupu. Wote walisikia. Nikaondoka na mwanangu. Baadaye akaja na wazee kunichukua, akasema hajatamka neno. Nikirudi, mkono wake naujua. Jino hili halikung'oka lenyewe. Nisiporudi, atamchukua mtoto.

Kwa sheikh niliambiwa nilete mashahidi wawili wanaume. Jikoni, wanaume watoke wapi? Mnanijua, mimi huuliza kila kitu. Nikauliza masikio ya mwanamke yana kasoro gani. Nikajibiwa kuwa chuo kimeniharibu. Ikapangwa siku ya mume wangu kuapa, kisha nirudishwe kwake. Mama zangu, nawaambia kweli: siku zile niliomba nisiamke, na hata sala zenyewe nilikuwa nimeanza kuzitilia shaka.

Siku ya kiapo mama mkwe alikuja bila kuitwa. Sikumtazama, nilijua amekuja kumsimamia mwanawe. Akakaa mkekani, akasema taratibu, "Sheikh, siku niliyomzaa huyu, chumbani walikuwa wanawake watupu. Kama ushahidi wao si kitu, mmejuaje kuwa ni wangu?" Akamgeukia mwanawe. "Haya, apa. Nakusikiliza."

Hakuapa, nami sikurudishwa.

Nawashukuru nyinyi mlionilaza na kunilisha mimi na mwanangu bila kuniuliza ni mke wa nani. Lakini msiseme nimeshinda. Haki yangu ilining'inia kwenye moyo wa mtu mmoja, na ni mama wangapi watasimama kinyume cha mtoto wao? Tudai sheria: talaka itamkwe mbele ya kadhi, mke akiwepo, na neno lake lipimwe sawa na la mume. Msichoke kuidai.

Mama mkwe alifariki mwaka jana. Tulipokuwa tunamwosha, dada yake aliniambia kwamba marehemu naye aliwahi kutalikiwa katika jiko lile lile, mume akakana, yeye akarudishwa kwake. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyesikia, akanyamaza. Alikuwa ni huyo dada yake.